Udhu Hurudiwa, Figo Hazirudiwi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimyakimya, na tunalihesabu kuwa ni ucha Mungu. Mwanafunzi anatawadha kwa ajili ya Adhuhuri, kisha hagusi maji ya kunywa mpaka Alasiri iswaliwe, ili udhu wake usitenguke. Baadhi ya dada zetu hawanywi tangu asubuhi, kwa sababu choo kiko mbali, foleni ni ndefu au mlango haufungi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo muhula mzima, na nilijiona hodari. Na jua la bonde letu la Kasese mnalijua: mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu darasani.

Ndugu zangu, huo si ucha Mungu. Imamu Muslim amepokea hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuswali huku akizuia haja. Dini haikututaka tubane mkojo ili kuhifadhi udhu. Imetutaka twende haja, tutawadhe upya, na asiye na maji ana tayamamu. Basi kwa nini tujibebeshe mzigo ambao Mola wetu hakutubebesha?

Tazama amana tuliyopewa. Kila figo ni kubwa kama ngumi ya mwenyewe, na ndani yake mna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote mwilini, na uchafu ukatoka katika lita moja au mbili za mkojo. Kazi hii inaendelea tukiwa tumelala. Asiyekunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mzito na mweusi, na mawe ya figo hupata nafasi ya kujijenga. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepata ugonjwa sugu wa figo, na watafiti wanaitaja kazi ngumu juani na upungufu wa maji mwilini miongoni mwa sababu.

Lakini tuseme kweli, maana kutia chumvi katika nasaha nako ni makosa. Maji si dawa ya figo zilizokwisha kuharibika. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 uliwahimiza wagonjwa wa figo wanywe maji zaidi kwa mwaka mzima, na kasi ya ugonjwa haikupungua. Visababishi vikubwa vya ugonjwa huu ni kisukari na shinikizo la damu. Kuna pia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo tunazimeza kiholela wakati wa mitihani. Na mgonjwa ambaye daktari amempimia maji ya kunywa, asizidishe kwa sababu ya makala hii.

Kisha tuulize: maji yenyewe yanatoka wapi? Mto Nyamwamba unateremka kutoka Rwenzori ukipitia Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Mabaki ya mgodi yalirundikwa kando ya mto, na mafuriko, yakiwemo yale ya Mei 2013 na Mei 2020, yameyamega. Watafiti waliopima maji na udongo wa bonde hilo wamekuta shaba, kobalti na nikeli. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Kwa hiyo maji ya kunywa tuyachote kwenye bomba au chanzo kilichokaguliwa, na ndugu zetu wa Bwera na Mpondwe wanaochota Mto Lhubiriha wasiridhike na maji kwa kuwa yanaonekana safi. Tukishayachemsha, tufunike vyombo, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha vyombo vifunikwe usiku.

Allah ametukataza, katika Suratul-Baqara aya ya 195, kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Kutoka Kasese hadi Hospitali ya Kiruddu, Kampala, ni zaidi ya kilomita 300. Hesabu nauli. Mhesabu na mama atakayeuza shamba.

Basi tufanye haya. Tubebe chupa ya maji darasani, tunywe kidogo kidogo mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu. Katika Ramadhani tugawe maji baina ya futari na daku, na mgonjwa aikubali ruhusa aliyopewa na Mola wake. Tupime shinikizo la damu, hasa ambaye kwao kuna mgonjwa wa figo, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kukaa miaka bila dalili. Na jumuiya yetu, kabla ya kununua zulia jipya la msikiti, itengeneze choo cha akina dada chenye mlango unaofunga na maji ya kutawadhia. Sayyidna Uthman (R.A.) alinunua kisima cha Ruma ili Waislamu wanywe. Sisi tutashindwa na komeo la mlango?

Ewe Mola wetu, tupe afya njema, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie tuwe wenye kuchunga amana zako. Amin.