Je, Kijana Mkimbizi Apange Kazi Yake Mapema?



Wazazi na vijana wametuletea swali: je, kijana anayekulia hapa makazini aanze mapema kupanga kazi atakayoifanya maishani? Wengine wanasema kupanga ni kwa watu wenye nchi yao. Mkimbizi angoje aone Mungu atafungua mlango gani. Tumelizungumza jambo hili kwa muda, na jibu hilo hatukubaliani nalo.

Wanaokataa kupanga hupenda kututajia Yakobo 4:13-15. Tuisome vizuri. Wale wafanyabiashara hawakemewi kwa kupanga safari, bali kwa kusema kama watu waliokwisha kuinunua kesho. Yakobo hawaambii wavunje safari. Anawafundisha namna ya kuitamka, wakimtanguliza Mungu. Naye Paulo alitaka kwenda Bithinia akazuiwa (Mdo 16:7). Alipanga kupita Roma akielekea Hispania (Rum 15:24), na Roma akaingia akiwa mfungwa. Hatusomi popote kwamba baada ya hapo aliacha kupanga.

Lakini tuseme ukweli, wapendwa. Katika nyumba nyingi si imani inayozuia kupanga. Ni kesi. Mpango ni mmoja tu, kuondoka. Familia ikishafanyiwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, kijana wa S2 anaacha shule kwa kuwa anaona masomo ya hapa hayatamfaa huko aendako. Mwaka unapita, wa pili, wa tatu, naye anakaa kivulini na simu. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokwisha kupangiwa siku ya ndege walibaki. Hatuwalaumu waliongoja, maana tumaini hilo ni la haki. Tunachosema ni kwamba kungoja hakumfundishi mtu kazi.

Tukumbuke Wanyarwanda waliofika Nakivale karibu na mwaka 1960. Hakuna aliyewaambia kwamba wengi wao watakaa uhamishoni zaidi ya miaka 30, hadi 1994. Watoto wao walizaliwa na kukulia huku Uganda. Waliosoma walirudi wakiwa na kazi ya kufanya. Na wale ambao wazazi wao walikuwa wakisema kila mwaka kwamba mwaka ujao tutarudi, walirudi pia, lakini mikono mitupu.

Basi kijana apange nini, ikiwa hajui kama kesho atakuwa Bukavu, Mbarara au Kanada? Apange ujuzi, mahali amwachie Mungu. Hapo kuna tofauti ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Kazi nyingine huvuka mpaka bila karatasi: ushonaji, useremala, uashi, ufundi wa pikipiki. Nguo ikikaa vizuri mwilini, hakuna anayeuliza cheti. Kazi nyingine hudai karatasi: uuguzi, ualimu, uanasheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya taaluma yake, mradi vyeti vyake vitambuliwe na wakubwa wanaohusika. Mwenye diploma ya Leta, kama tunavyoiita kwetu Kongo, inambidi ailinganishe kwa Baraza la Mitihani, UNEB, na hilo linataka vyeti vyenyewe, tafsiri kutoka Kifaransa, na pesa. Ndiyo maana kuna walimu wazuri kati yetu wanaolima mahindi.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotushauri tuwapeleke watoto wote kwenye ufundi wa miezi sita. Ni ushauri mzuri, lakini mkimbizi anapewa upesi mno. Hakuna anayesema watoto wote wa Kampala wawe vinyozi. Paulo alijua kushona mahema (Mdo 18:3), na pia alikuwa amesoma miguuni pa Gamalieli (Mdo 22:3). Danieli na wenzake, mateka, walipewa miaka mitatu ya lugha na elimu ya Wakaldayo, na wakaishika kweli kweli.

Hapa ndipo tunapoona kwamba sisi tunahitaji kupanga mapema kuliko wenzetu. Mtoto wa tajiri akikosea anarudia mwaka au anahama shule. Wa kwetu akikosea, ada haipo tena. Binti anayetaka kuwa muuguzi akigundua akiwa S4 kwamba mlango wa uuguzi hufunguliwa na biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kiingereza, amechelewa. Angeambiwa akiwa S1. Ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR na Ujerumani waliuanzisha mwaka 1992 kwa wakimbizi wanaoingia chuo kikuu, haumfikii aliyeishia njiani.

Na kwa kuwa tumemtaja binti: katika nyumba zetu mvulana huulizwa atakuwa nani, binti huulizwa ataolewa lini. Tangu mwaka 2023 chakula cha msaada kinagawanywa kwa makundi ya uhitaji, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Tunafahamu mahari inavyoonekana mbele ya sufuria tupu. Hata hivyo mahari huliwa ikaisha, na binti wa miaka kumi na sita harudi darasani.

Kuna mmoja ambaye jibu letu halimtoshi: kijana wa miaka 20 aliyekuwa karibu kumaliza sekondari kwa Kifaransa, akafika hapa akaambiwa aingie P6 kwa sababu ya Kiingereza. Magoti yake hayaingii chini ya dawati, na watoto wanamcheka. Kumwambia apange miaka kumi mbele ni kumwongezea mzigo. Sisi tunamshauri apange miaka miwili tu: asubuhi Kiingereza, hata kama ni pamoja na watoto, na alasiri ashike randa au cherehani kwa fundi. Baada ya hapo ndipo tukae naye tena, tuzungumze habari za chuo.