Deni la Mtu Asiyelipwa

Hebu nikuulize, msomaji mwenzangu. Mtu akifanya kazi ya watu bila kulipwa hata senti, na ile kazi ikaharibika, je, ana deni?

Swali hili si la darasani. Lilianza kwa ugomvi kati yangu na mjomba wangu, mfugaji wa kando ya Mto Tana. Mjomba ni mwenyekiti wa kamati ya wafugaji. Hana mshahara wala marupurupu. Hata nauli ya boda anajilipia. Bima ya mifugo ilipofika kwao, ni yeye aliyezunguka boma hadi boma akiwaeleza watu. Wengi walikata. Kwani waliyasoma yale makaratasi? Wapi! Walimwangalia mjomba usoni wakasema, "Kama Mwenyekiti amekata, nasi tutakata."

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya. Kwa kina mjomba fidia kidogo ilipatikana, naye akasifiwa sana. Kisha, mwishoni mwa 2023, zikaja mvua za El Niño. Mto ukafurika usiku. Jirani yake, mzee aliyekuwa amebakiwa na ng'ombe wanane, asubuhi alikuta watatu. Akaja kwa mjomba na karatasi yake ya bima ameifunga kwenye kitambaa. Hakupata kitu.

Sasa ielewe bima yenyewe. Aina hii ilianza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti ndiyo inayopima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, waliokata bima katika eneo lile wanalipwa. Ni akili nzuri, tusiibeze. Hela zinaweza kufika hata kabla mnyama hajafa. Lakini mafuriko je? Mvua ikinyesha, nyasi zinaota. Huko angani panaonekana kijani kitupu. Huku chini mzee amesimama kwenye nyasi mbichi, hana ng'ombe wa kuzila.

Basi mjomba akafanya jambo lililonichoma. Alitoa mtamba wake mmoja akampa yule mzee. Ingekuwa ni msaada tu ningenyamaza. Waborana, kwa mfano, wana desturi yao ya busa gonofa, ambapo ukoo humchangia wanyama aliyefilisika. Lakini mjomba hakuuita msaada. Aliuita deni.

Nikamwambia, "Mjomba, deni gani? Wewe hukuiandika ile bima, wala hukula hata shilingi. Ukilipa wewe, kesho nani atakubali kujitolea?"

Akaniambia, "Mwanangu, yule mzee hakuiamini kampuni. Haijui. Aliniamini mimi. Nami nilimwambia bima italinda ng'ombe wake. Sikumwambia ni kiangazi tu."

"Ulijua?"

Akanyamaza kidogo. "Nilisikia siku ya mafunzo. Nikaona nikisema, watu watarudi nyuma."

Hapo nikakosa la kusema. Mimi nilidhani hoja ni mshahara: asiyelipwa hadaiwi. Kumbe mshahara hauhusiani na jambo hili. Tena kutolipwa ndiko kulikofanya aaminike zaidi. Wakala wa kulipwa watu wangemshuku. Aliyewaazima watu uso wake hawezi kusema uso ule haukuwa wake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakuongeza kwamba aliyejitolea amesamehewa.

Hata hivyo, sijakubaliana naye yote. Deni lake lilikuwa la neno. Alipaswa kusimama barazani aseme, "Niliwaficha kitu." Hilo, mpaka leo, hajalifanya. Ule mtamba ulimnyamazisha mzee mmoja, na pia uliwafunika wakubwa walioleta bima ya jua mahali penye mto. Wema wa mtu mmoja ukiziba pengo la ofisi, ofisi haitajua kwamba pengo lipo. Na wale majirani wengine ambao hawakupewa mtamba, je? Wao wanaamini mpaka sasa kwamba wamekingwa na maji.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kalamu kwa sababu nasi huitwa kujitolea. Tuandikie mchezo wa kuhamasisha, tutungie shairi la kampeni, hakuna bajeti lakini ni kwa manufaa ya jamii. Tunakubali, tunatia maneno matamu, tunaacha lile sharti dogo lililoandikwa chini kabisa kwa sababu linaharibu mdundo. Kisha tunaenda zetu.

Mafuriko yakija, karatasi itakayofunguliwa kwenye kitambaa itakuwa na maneno yetu. Mjomba angalau alikuwapo mlangoni kumpokea mzee. Sisi tutakuwa wapi?