Klachi na Mguu Unaojua

Kufupisha mwendo wa pedali ya klachi ni kazi ya spana na dakika chache, lakini ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wameliandikia vitabu: ujuzi wa kuendesha gari unakaa wapi? Kichwani, mguuni, au katika chuma chenyewe?

Mwendo wa pedali una sehemu tatu. Juu kuna nafasi ndogo ya kucheza, ambapo mguu unashuka bila kusukuma kitu. Kisha beringi inaigandamiza springi ya presha pleti, na diski inaachana na flaiwili. Chini hubaki mwendo wa ziada: diski imekwisha kuachana, mguu bado unashuka bure. Fundi huipunguza ziada hiyo kwa kuweka kizuizi chini ya pedali, au hurekebisha fito ya silinda ili klachi ishike mahali panapomfaa dereva. Akihamisha pini ili mwendo uwe mfupi zaidi, sheria ya wenzo inamdai, na pedali inakuwa nzito. Akipunguza kupita kiasi, klachi haiachii yote, gia zinasaga na sinkronaiza zinalika.

Milimita, basi, huonyesha mpaka usiovukwa. Mahali panapofaa hazipajui. Kwenye Barabara ya Taifa namba 4 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoka Kisangani kupitia Bafwasende na Nia-Nia kuelekea Beni, mvua ikigeuza njia kuwa tope, dereva wa lori huondoka kwa kuishikilia klachi pale inapoanza kushika. Akiiachia upesi, magurudumu yanazunguka palepale. Akiikawiza, diski inaungua na harufu yake inajaa ndani. Akiulizwa pale ni wapi, hujibu kwa mguu. Mwanafalsafa Gilbert Ryle, mwaka 1949, alitofautisha kujua habari za jambo na kujua kulitenda. Mwanafalsafa mwenzake, Maurice Merleau-Ponty, alikuwa amefika mbali zaidi mwaka 1945: mazoea, alidai, ni maarifa ya mwili wenyewe. Mfano wake ni mpiga kinanda cha kanisani ambaye, akipewa kinanda kigeni, hujizoeza muda mfupi tu, kisha anapiga bila kukariri kila pedali ilipo.

Hoja hiyo ni nzito, ila haitoshi. Mpiga kinanda huyo anakipokea chombo kilivyo. Dereva wa Kisangani hurekebishiwa chake. Wavuvi wa Wagenia, kwenye maporomoko yaliyo kando ya mji, wanaujua mkondo kwa miili yao, na bado walisimika miti katika miamba ili vikapu vyao vikae maji yanapopita kwa nguvu. Ujuzi kamili una pande zote mbili: mwili unajifunza chombo, na chombo kinajibu mwili. Fundi anayepima pedali bila kumpa dereva usukani ajaribu amefanya nusu ya kazi.

Hapo linazuka swali la haki. Gari likiendeshwa na madereva wawili kwa zamu, pedali iliyokatwa kwa mguu wa mmoja inamchosha mwenzake, hivyo kizuizi cha boliti ni bora kuliko cha kuchomelea. Tena kipimo chenyewe hakidumu. Kebo ikirefuka, au hewa ikiingia katika mafuta ya klachi, mwendo uliokuwa wa ziada unageuka kuwa wa lazima, na kizuizi kilichokuwa sahihi jana kinaanza kuzisaga gia.