Ncha ya Sauti

Sauti ya ala ya muziki ina mwanzo wake, na mwanzo huo ni mfupi mno hata aghalabu hatuutambui kuwa ni kitu cha peke yake. Risha inapougusa uzi wa udi, kabla uzi haujaanza kuimba, husikika mgoto: kishindo kidogo cha kitu kigumu kilichokutana na kitu kilichokazwa. Mgoto huo hudumu milisekunde chache, yaani sehemu chache kati ya elfu moja za sekunde, ilhali kufumba na kufumbua jicho huchukua milisekunde 100 au zaidi. Mafundi wa studio wana istilahi zao. Mimi hapa nitauita ncha ya sauti, kwani ni mfano wa ncha ya sindano: ndiyo inayotangulia kuingia, na uzi hufuata.

Siku hizi fundi aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuishika ncha hiyo, akaifanya butu kwa kiasi akitakacho, na msikilizaji asijue kamwe kwamba ilikuwapo. Hufanya hivyo kila siku, tena kwa nia njema, ili wimbo usimchome mtu masikioni. Nauliza kama ni halali. Nauliza pia ni nani mwenye haki ya kuifanya butu ncha iliyotoka katika mkono wa mwengine. Wapo watakaosema kwamba natafuta mfupa katika ulimi. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho wa kurasa hizi.

Mwaka 1948, huko Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa Redio ya Ufaransa, alirekodi mlio wa kengele, akauacha mgongano wa kwanza, akachukua sauti iliyobaki tu. Kengele haikusikika tena kuwa kengele. Ilikaribia sauti ya obo, ala ya kupulizwa iliyo jamaa ya zumari yetu. Tazama basi: chuma hakikubadilika, noti haikubadilika, na sehemu kubwa ya sauti, ile ndefu inayovuma na kufifia, ilikuwapo yote. Kilichoondolewa ni kitambo kisichotosha kutamka silabi moja, na pamoja nacho liliondoka jina la kitu. Tulidhani kwamba kengele inakaa katika mvumo wake. Kumbe sehemu kubwa ya ukengele wake imo katika kule kugongwa.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo ni vingi. Kinachotumika zaidi ni kompresa, ambayo huishusha sauti kila inapopita kiwango alichokiweka fundi. Lakini fundi huchagua pia itachelewa kwa muda gani kabla ya kukamata, na hapo ndipo penye siri. Akiiamuru ikamate ndani ya milisekunde 1, itaidaka ncha yenyewe, na udi utatoka mviringo kama kokoto iliyosuguliwa na bahari. Akiiachia milisekunde 30, ncha hupita salama salimini. Kinachobanwa ni mwili wa sauti unaofuata, na udi hutoka mkali kuliko ulivyopigwa. Chombo ni kile kile, kitufe ni kile kile, na kwa kukizungusha kidogo tu fundi amehama kutoka kwenye kufifisha hadi kwenye kunoa. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba mashine ndiyo iliyoamua. Zipo pia programu zisizojali kiwango, ambazo huitafuta mianzo ya sauti peke yake na kuipunguza au kuiongeza. Na ipo njia ya kikale, ya kuipandisha sauti taratibu kutoka kwenye kimya ndani ya milisekunde 5 au 10, kama mtu anayefungua mlango kwa bega ili usilie.

Limita nitaipitia haraka, maana madhara yake yamesemwa sana. Hukata vichwa vya sauti ili wimbo wote uweze kuinuliwa, na katika miaka ya 1990 na 2000 watayarishaji walishindana kuinua. Albamu ya Metallica iitwayo Death Magnetic, iliyotoka 2008, ilibanwa hata wapenzi wa bendi wenyewe wakalalamika hadharani. Huko hakukuwa na huruma kwa sikio. Ilikuwa ni kugombea nafasi sokoni, na haiingii katika swali langu.

Swali langu linamhusu fundi mwenye huruma, na kwanza yafaa atetewe. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, na mpigaji hufunga vipande vya kudonolea kwenye vidole vyake vya shahada kwa pete za chuma. Vipande hivyo zamani vilichongwa kwa gamba la ng'amba. Leo vingi ni vya plastiki. Fundi akiweka maikrofoni shubiri moja juu ya nyuzi, hupata donoo ambalo hakuna binadamu aliyepata kulisikia, isipokuwa labda mpigaji mwenyewe akiinama. Aliyekaa ukumbini kuisikiliza Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa hapa Unguja 1905, aliisikia kanuni kutoka hatua kadhaa, sauti yake imeshachanganyika na mrejeo wa kuta, imeshapita juu ya mabuibui na majoho ya watu. Umbali ulikwisha kuilainisha. Basi fundi anayeufifisha ukali uliozushwa na maikrofoni hamdhulumu mtu. Huirudisha sauti mahali ilipozoea kusikilizwa. Ukali peke yake si dalili ya ukweli, kama vile mtu anayepayuka si lazima awe msema kweli.

Lakini upo ukali mwengine, uliotoka kwa mpigaji kwa kukusudia. Kuna mahali katika wimbo ambapo mpiga udi huvuta risha kwa nguvu mno kwa sababu beti inasema jambo lisilosemeka kwa upole. Kuna mpiga dumbaki anayetia kofi kavu pembeni mwa ngozi ili kuwaamsha waitikiaji. Huo umetoka mkononi, na mkono una mwenyewe. Kuufifisha bila ya idhini yake ni kumtia maneno kinywani.

Kazi yangu ya siku nyingi ni kufasiri, na jaribu hili nalijua kwa sura nyengine. Kiswahili kina namna ya kuifanya butu ncha ya amri kwa kuitanguliza silabi moja tu: «lete» ni amri iliyosimama wima, «ulete» imekwisha kuinama kidogo, na «naomba uniletee» imeketi kabisa. Sisi watu wa visiwani tumelelewa kuzitumia ngazi hizo, na ni adabu nzuri. Lakini mhusika katika tamthilia ya kigeni anayemwambia mkwewe «Toka!» akifasiriwa «Tafadhali utoke», hapo mfasiri hakulainisha neno, amemuua mhusika na kumweka mwengine mahali pake, mtu mpole asiyejulikana ametoka wapi. Wahariri hupenda kuomba jambo hili. Mmoja wao, wa shirika ambalo sitalitaja, aliwahi kuniandikia kwamba wasomaji wetu hawakuzoea ukali. Nilimjibu kwamba wasomaji wetu wamezaliwa na kukua katika taarabu ya mafumbo na ushairi wa malumbano, na kama kuna watu duniani wanaojua kuchomwa na ncha iliyofunikwa hariri, basi ni wao.

Ncha ina kazi nzito zaidi katika sauti ya binadamu. Mswahili wa pwani anayetamka kwa lafudhi ya wazee hutofautisha kaa la moto na kaa wa ufukweni kwa pumzi tu. Katika jina la yule mnyama, konsonanti ya mwanzo hutoka na pumzi. Katika jina la lile kaa la jikoni, haina. Ndivyo ilivyo pia kwa paa la nyumba na paa wa mwituni. Tahajia ya Kiswahili Sanifu haiiandiki pumzi hiyo, nayo ni fupi mno, inakaa katika milisekunde kadhaa mwanzoni mwa neno, mahali pale pale ambapo fundi huweka mkono wake anapolainisha sauti ya mwimbaji. Fundi aliyejifunzia kazi katika lugha isiyotegemea pumzi kutenganisha maana huisikia kuwa ni upepo uliogonga maikrofoni. Huipunguza, naye ana haki kwa mujibu wa alichofunzwa. Mshairi aliyecheza na maneno hayo mawili katika beti moja hubaki na neno moja lililosemwa mara mbili.

Kwa aliye hai dawa ipo, nayo ni rahisi: aitwe studioni, asikilizishwe kabla na baada, aseme yeye. Penye uzito ni kwa waliokwisha kufa. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, naye akafariki 1950. Santuri za enzi hiyo, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zimechakaa, na kila mkwaruzo hulia «tak» sindano inapoupitia. Programu ya kusafisha hutafuta mishtuko ya namna hiyo, ya ghafla na mifupi, ikaifuta. Lakini mgoto wa risha nao ni mshtuko wa ghafla na mfupi. Ukiizidishia programu nguvu, haiwezi tena kupambanua baina ya jeraha la santuri na kidole cha marehemu, na huvifuta vyote viwili. Kwa maoni yangu, pale ambapo mkwaruzo umelalia juu ya noti, uachwe, au ushughulikiwe mmoja mmoja kwa mkono na mtu anayeujua wimbo. Na nakala iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye sindano, pamoja na uchafu wake wote, ihifadhiwe kando ya ile safi, na jalada lieleze kilichofanywa.

Niliwahi kumsikilizisha kijana mmoja, mpenzi wa taarabu, nakala mbili za santuri moja ya zamani, ya mwimbaji mwengine. Ya kwanza ilikuwa inakwaruza kama kokwa zinazokaangwa, ya pili ilikuwa imesafishwa hata ikawa kama maji ya mtungini. Nilimuuliza ni ipi anaipenda. Akasema, bila ya kusita, ya pili. Nikamuuliza ni ala gani hiyo inayomfuata mwimbaji. Hapo alisita, akainamisha kichwa, akaomba niirejeshe tangu mwanzo. Akasema: «Kinanda, labda.» Ilikuwa ni udi.