Roho ya teja wa Itigi ina thamani gani?

Tuchukulie kijana amezidisha unga, ameanguka jirani na stesheni ya reli ya Itigi. Anakoroma, midomo imepauka, pumzi zinakatika. Wenzake wawili wapo, lakini mikono yao mitupu. Je, ni nani mwenye wajibu wa kumuokoa?

Dawa ipo. Inaitwa naloksoni. Heroini huua kwa kulemaza sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi; naloksoni huiondoa mahali hapo, na ndani ya dakika chache mtu huanza kuhema tena. Hudungwa msulini au hupulizwa puani. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90, hivyo mgonjwa lazima afikishwe hospitali, maana unga waweza kumzidi tena. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hii iwafikie wale wanaoelekea kushuhudia tukio lenyewe: watumiaji wenzao, mama, kaka, jirani. Scotland iliweka mpango wa taifa zima tangu 2011. Marekani, tangu 2023, ya kupuliza puani inauzwa bila cheti cha daktari.

Wapo watakaosema: huku si kuwalea mateja? Mtu kajitakia mwenyewe, anyweshwe alichokoroga. Ndugu msomaji, hoja hii tuipime. Naloksoni hailevyi. Humwondolea mtumiaji ulevi wake na kumwacha na arosto. Hakuna anayeitamani. Kusema inahamasisha unga ni sawa na kusema bendeji inahamasisha ugomvi.

Kisha tukumbuke mafundisho. Imepokewa katika Bukhari kuwa mlevi aliletwa kwa Mtume (S.A.W.) akaadhibiwa, mmoja wa waliokuwepo alipomlaani, Mtume alikataza. Adhabu ilipita, lakini udugu haukufutwa. Basi tuchukie unga, tuwafichue wauzaji, na sheria ya mwaka 2015 ichukue mkondo wake. Lakini hakuna kifungu wala aya inayotamka kuwa adhabu ya kutumia ni kuachwa ufe huku watu wakitazama. Aya ya 32 ya Suratul Maidah, inayokuza thamani ya kuokoa nafsi moja, haikuweka sharti kwamba nafsi hiyo iwe ya mchamungu. Na aliyekufa hana tena nafasi ya kutubu.

Sasa turudi kwenye wajibu. Masheikh wametufundisha faradhi kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine wamesalimika. Lakini pale ambapo hakuna mwingine wa kutekeleza, wajibu humwangukia aliyepo. Kwa anayekatika pumzi, aliyepo si waziri wala daktari bingwa. Ni teja mwenzake, au mama yake. Hata hivyo, Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Mama asiye na dawa hana lawama. Lawama inahamia kwa yule mwenye uwezo wa kumpatia, akamnyima.

Hapa ndipo suala la mikoa linapoingia. Tangu Februari 2011, Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, huduma kwa waathirika imesogea hatua kwa hatua: Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Dodoma, Tanga, Mwanza, Mbeya. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mpangilio huo hufuata wingi wa watumiaji. Kwa methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ni haki. Kwa naloksoni hesabu inageuka: kadiri hospitali ilivyo mbali, ndivyo dawa ya mkononi inavyohitajika zaidi. Itigi mjini wana hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Anayeanguka Rungwa, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, hana muda huo.

Itasemwa: Itigi ina mateja wangapi, wakati akina mama wanahitaji damu na watoto wanahitaji dawa za malaria? Hoja hii ni nzito, na wala sidai kuwa Itigi imejaa watumiaji. Wala sisemi mtoto anyang'anywe dawa apewe teja. Lakini palipo na watumiaji wachache, vichupa vichache vinatosha. Uchache wao unapunguza gharama. Haupunguzi thamani ya roho. Tukikubali kuwa roho ihesabike tu ikifikia idadi fulani, basi hata kijiji chenye mama wajawazito wachache tutakiambia kisubiri.

Kwa hiyo Wizara ya Afya iweke naloksoni hadi kwenye zahanati za pembezoni, iwafundishe familia kuitumia, na ihakikishe anayeita msaada haishii mahabusu. La sivyo wenzake watakimbia. Nasi misikitini tuache kuficha aibu. Imamu anayejua nyumba yenye kijana wa unga akawaelekeza wazazi wake la kufanya, huenda akaokoa roho ambayo bila yeye angeisalia jeneza.