Mvamizi ni Nani? Neno Moja na Msitu wa Mau

Katika mijadala kuhusu msitu wa Mau, neno "mvamizi" limetumiwa kana kwamba maana yake haina utata. Mhakiki wa fasihi hawezi kulipokea kwa wepesi huo, kwani anafahamu kuwa msimulizi ndiye anayeamua nani mwovu, na hadithi ianzie wapi. Kimulot, katika Kaunti ya Bomet, ambako michai inapakana na Mau ya Kusini-Magharibi, panafaa kulipimia neno hilo.

Hadithi ikianzia Novemba 2009, familia zilipoondolewa katika sehemu hiyo ya msitu, mvamizi ni mkulima mdogo mwenye panga na jembe. Ikianzia 2001, serikali yenyewe ilipoondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika hadhi ya msitu, picha hiyo yaanza kufifia. Na ikirudishwa hadi miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipoanzisha mashamba makubwa ya chai katika nchi ya Wakipsigis, aliyefyeka msitu huitwa mwekezaji. Kitendo ni kile kile.

Baadaye chai ikapewa kazi ya ulinzi. Kuanzia 1986 serikali ilipanda kanda za chai za Nyayo ukingoni mwa misitu ili ziwe mpaka baina ya wanavijiji na miti. Hapa pana kinaya ambacho hakikutungwa na mwandishi yeyote: mchai usipopogolewa hukua ukawa mti. Miti iliyozuiwa isipite kiuno ndiyo iliyowekwa kulinda miti mingine, na majani yake hukaushwa viwandani kwa kuni, ambazo mikaratusi hupandwa kwa ajili yake.

Je, historia hiyo yamwondolea mkulima mdogo wajibu? La hasha. Maji ya Itare huingia mto Sondu, nayo Sondu humwagika katika Ziwa Viktoria. Mvuvi wa huko hakuwapo hati za ardhi zilipotolewa, na asiyekuwapo na lake halipo. Aliyenunua shamba kwa nia njema, akapewa hati, bado hana haki ya kukausha chemchemi ya mwenziwe. Lakini wajibu huo ukidaiwa kwa mnyonge peke yake, anayeudai hana budi kueleza utajiri wake mwenyewe umetoka wapi.

Waogiek, wakaao msituni tangu kabla ya chai, walilipa gharama kubwa zaidi ya jina hilo. Amri ya Oktoba 2009 ya kuwaondoa ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Serikali ilijitetea kwa hoja ya uhifadhi. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliikataa hoja hiyo, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na kurejeshewa ardhi. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena huko Sasimwani, Narok, kwa jina la kuuhifadhi msitu ule ule.