Saa za Mwanafunzi na Insafu ya Wazazi

Wazee wengi, mtoto akianguka katika mtihani, husema upesi kuwa ni mvivu. Twaona yapasa kwanza kuuliza: mtoto huyo alibakiziwa saa ngapi za kusoma?

Wanauchumi wana hesabu waiitayo kikomo cha bajeti. Mwenye shilingi 100 hanunui vitu vya shilingi 120. Akizidisha unga, hupunguza sukari. Mwaka 1965 Gary Becker, mtaalamu wa Marekani, alieleza kuwa wakati nao ni mali ya kuhesabiwa vivyo hivyo. Tena wakati ni mgumu kuliko fedha, kwani haukopeki wala hauwekwi akiba.

Natuitazame Kibera, mtaa wa Nairobi ulioanzishwa na askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu, mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba nyingi huko hazina bomba, na maji hununuliwa kwa mitungi. Tuseme katika nyumba moja mna pacha wawili, mvulana na msichana. Katika saa 24 kila mmoja hulala saa 8, shule na njia yake huchukua 9, chakula, kuoga na sala 3, na chuoni 1. Zimebaki 3. Mvulana huachiwa zote. Msichana huenda kuteka maji, hupika na humlea mdogo wao kwa saa 2. Amebakiwa na 1 tu. Kisha matokeo yakija, wawili hawa hulinganishwa!

Mwanafunzi mwenye busara huipeleka kila dakika kwenye somo ambalo itazaa zaidi. Lakini busara hiyo haimwongezei msichana huyu hata dakika moja. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa ada za shule za msingi, na hilo ni jambo jema. Lakini foleni ya maji haikuondoka pamoja na ada.

Huenda mtu akasema kwamba kazi za nyumbani ni malezi, na kuwatumikia wazazi ni wajibu. Ni kweli, lakini wajibu huo ni wa watoto wote wawili. Wakigawana kazi, kila mmoja atapata saa 2 za kusoma. Mvulana atapoteza saa yake ya tatu, ambayo akili imekwisha choka na faida yake ni haba. Msichana atapata saa yake ya pili, ambayo bado ina rutuba. Basi nyumba nzima imefaidika, na insafu imepatikana bila ya gharama.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Kibera peke yake. Hata huku pwani, penye bomba ndani ya ua, ni nani aitwaye jikoni mwenziwe akiwa na kitabu mkononi? Kila mzazi na azihesabu saa za wanawe mmoja mmoja, kisha ndipo aseme nani mvivu.